Mashini haichoke, mutu anachoka

Mbele ya kompyuta kufika, kulikuwa watu waliohesabu toka asubuhi mpaka usiku. Habari yao inatugusa sisi watu wa mugodi.

Mwezi uliopita mama mmoja mujane aliingia katika biro yetu ya sendika hapa Likasi, karatasi mukononi. Bwana yake alichimba shaba miaka 19, kisha ugonjwa ukamuchukua. Karatasi ile ilikuwa dekonti yake ya mwisho: mistari sita, kila mustari na franka zake, na chini kabisa jumla. Mama akasema: «Delege, hii makuta ni kidogo. Nilienda kuuliza kwa biro ya mishahara. Banasema kompyuta njo ilifanya hesabu, na kompyuta haikoseake.»

Nilimuomba aniachie karatasi siku mbili, nikaipeleka kwa muzee mmoja wa kartie yetu. Muzee huyu alikuwa karani wa mishahara, miaka mingi mbele ya pansio yake. Sasa amepita miaka 80, macho yamepunguka lakini kichwa kiko safi. Pembeni ya radio yake kulikuwa kitu kimefunikwa na kitambaa. Akatoa kitambaa. Nikaona mashini ya chuma, nyeusi, nzito sawa jiwe, yenye manivela pembeni.

«Kamata manivela, mwana. Haiumake mutu.»

Akanionyesha. Tuseme mutu analipwa franka 345 kwa siku, na ametumika siku 27. Unasukuma vishikio vidogo vya chuma mpaka vinasimama kwenye 345. Unazungusha manivela mara 7: dirisha ya chini inaonyesha 2 415. Unasogeza sehemu ya chini hatua moja, unazungusha tena mara 2. Dirisha inaonyesha 9 315. Mizunguko 9 tu, na hesabu ya siku 27 imekwisha. Ukitaka kugawanya, unazungusha kinyume, unapunguza, unapunguza, mpaka kengele inalia ndani ya mashini. Inakuambia umepita kiasi: rudisha muzunguko mmoja.

«Mwisho wa mwezi tulikuwaka tunazungusha toka asubui mpaka usiku,» akasema. «Mukono inawaka moto. Muke wangu alikuwa ananikandaka bega na mayi ya moto.»

Kisha tukashika dekonti ya marehemu, mustari kwa mustari, na kitabu cha kazi kando. Kwenye mustari wa konji muzee akasimama. Akazungusha mara ya pili. Akanitazama. «Siku 18 haziko.»

Nitarudia habari ya mama yule kule mwisho. Lakini toka siku ile nilianza kuuliza: hawa watu wa mashini za kuhesabu walikuwa nani, waliishi namna gani, na kompyuta ilipofika waliendea wapi?

Kompyuta lilikuwa jina la mutu

Kwa Kiingereza neno computer ni la zamani kuliko mashini tunayoiita hivyo leo. Mbele ya miaka ya 1950, mutu akisema computer alikuwa anataja mufanyakazi: mutu anayekaa kwenye meza, anapokea namba, anazihesabu, anazipitisha kwa mwingine. Huko Marekani na Uingereza wengi wao walikuwa wanawake. Wakubwa walipenda kuandika wanawake kwa sababu waliwalipa chini ya wanaume, na kazi yenyewe waliiita kazi ndogo.

Mashini ya manivela, sawa ile ya muzee wetu, ilitengenezwa na Muswedi mmoja, Willgodt Odhner, aliyekaa St. Petersburg, Urusi, katika miaka ya 1870. Viwanda vya nchi nyingi viliiga kazi yake kwa karibu miaka mia. Miaka kumi hivi kisha Odhner, kule Chicago, kijana fundi Dorr Felt akapata wazo lingine: mashini ya mabutoni. Ya kwanza aliiunda ndani ya sanduku ya makaroni, kwa vijiti vya kuchomea nyama na mipira ya kufungia. Mwaka wa 1887 akapata hati ya uvumbuzi. Mashini ikaitwa Comptometer.

Kwa Comptometer hakuna kuzungusha kitu. Ukibonyeza, imehesabu. Kuna safu ya moja, safu ya makumi, safu ya mamia, na kuendelea, na kila safu ina mabutoni 9. Wasichana waliotaka kazi hii walipitia shule yake ya pekee. Walifunzwa kutotazama mabutoni kabisa. Macho yabaki kwenye karatasi. Walifunzwa pia kutumia nusu ya chini tu, 1 mpaka 5, ili vidole visitembee mbali. Ukitaka 9, unabonyeza 5 kisha 4. Ni haraka kuliko kunyoosha mukono mpaka juu. Vidole vya mikono yote miwili vilitumika kwa pamoja. Mutu aliyesimama mulangoni angefikiri wanapiga kinanda.

Lakini kinanda hicho kilipigwa saa nane kwa siku. Fikiria chumba kimoja chenye meza safu kwa safu, mashini zinalia zote pamoja, na musimamizi anapita nyuma. Kichwa kinauma, shingo inakauka. Na namba haina huruma: anayekosea moja asubuhi anaharibu kazi ya wenzake mpaka jioni. Kwa hiyo hesabu kubwa zilifanywa mara mbili, na watu wawili tofauti, kisha majibu yanalinganishwa. Yakipishana, wanarudia. Mutu mmoja hakuaminiwa peke yake, hata akiwa hodari namna gani. Tushike neno hilo.

Mawe ya Shinkolobwe, namba za Los Alamos

Kuna chumba kimoja cha hesabu ambacho sisi wa Likasi tuna haki ya kukijua kuliko wengine wote, juu mawe ya kwetu yalikuwa nyuma ya zile namba.

Kila mutoto wa hapa anajua jina la Shinkolobwe. Mwaka wa 1940, vita ikiwa imewaka Ulaya, Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alituma New York kiasi cha tani 1 200 za mawe ya uranium kutoka Shinkolobwe. Yaliwekwa ndani ya mapipa ya chuma, kwenye kisiwa cha Staten Island. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua, kisha likataka mengine. Mugodi uliokuwa umefungwa ukafunguliwa tena. Wababu zetu wakashuka kuchimba.

Hawakuambiwa ni ya nini. Hawakuambiwa vumbi lake linafanya nini ndani ya mwili. Na wakati ule hata kuuliza kulikuwa hatari. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Elisabethville waliposimamisha kazi juu ya mushahara, askari waliwapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, alikufa siku ile pamoja na wenzake wengi.

Mwaka wa 1943, Wamarekani walijenga muji wa siri katika milima ya New Mexico, unaoitwa Los Alamos. Barua zote za watu wake zilipitia anwani moja: sanduku ya posta 1663, Santa Fe. Kazi yao ilikuwa kuunda bomu ya atomiki. Uranium ilikuwa haba, haiwezi kuchezewa kwa majaribio. Ilibidi waijaribu kwanza kwa namba. Na namba zilikuwa nyingi mno.

Nyumba hazikutosha kuleta wafanyakazi wengi kutoka nje. Wakawaita wake wa wataalamu waliokuwa pale pale, wakawakalisha mbele ya mashini za kuhesabu, na wanawake wengine wakaongezwa. Mashini zilikuwa za Marchant na za Friden, zote za California. Zilikuwa na motere ya umeme na mabutoni mengi; unaweka namba mbili, mashini inazizidisha yenyewe kwa kelele kubwa.

Kijana mmoja mutaalamu wa fizikia, Richard Feynman, alisimulia baadaye namna walivyopanga chumba. Hesabu moja ndefu waliikata vipande. Mwanamuke wa kwanza anazidisha tu. Wa pili anajumlisha tu. Wa tatu kazi yake ni kuchukua namba na kuizidisha kwa yenyewe, kisha tena kwa yenyewe. Kila mumoja akimaliza, anaandika kwenye kadi na kuipitisha kwa jirani, sawa vile watu wanapitishana matofali kwenye kiwanja. Sisi tunaijua kazi ya namna hii: huyu anachimba, huyu anapakia, huyu anachagua mawe. Ukikaa kituo kimoja mwaka mzima, mikono inakuwa hodari sana, na kichwa hakiulizwe kitu.

Kwa kubonyezwa hivyo kila siku, mashini zilianza kuharibika. Kuzituma kiwandani kulichukua muda mrefu. Feynman na rafiki yake Nicholas Metropolis wakazifungua wenyewe. Walitafuta mashini inayotembea vizuri, wakaiweka kando ya ile mbovu, wakatazama ni wapi zinapishana. Wakubwa wa biro walipojua, walikasirika: hii si kazi yenu, acheni. Wakaacha. Mashini mbovu zikaongezeka, kazi ikalala, na wakubwa wale wale wakarudi kuwaomba watengeneze. Nani kati yetu hajaona jambo kama hili kwenye atelie?

Mashindano ya siku tatu

Mwaka wa 1944 zikafika mashini kubwa za kampuni ya IBM. Hizi zilisoma kadi za karatasi ngumu zenye matundu: tundu hapa maana yake namba hii, tundu pale maana yake namba ile. Hazikuwa bado kompyuta za leo, lakini zilikuwa njiani.

Walitaka kujua kama majibu yake ni ya kweli. Basi hesabu moja ikapewa mashini za kadi, na hesabu ile ile ikapewa watu wa mabutoni. Siku ya kwanza walikwenda bega kwa bega. Siku ya pili vile vile. Watu wale walikuwa hodari kweli: hakuna kipande cha kazi ambacho mashini ilifanya vizuri kuliko wao. Kisha vidole vikaanza kulemea, na mashini za kadi zikapita mbele. Feynman mwenyewe alisema tofauti ilikuwa hapo tu: mashini haichoke, inaweza kufanya posti tatu, usiku na muchana. Mutu anachoka.

Hiyo haikuwa aibu ya mutu. Kuchoka ni alama ya kwamba tuko hai. Lakini tangu siku ile mwenye kiwanda yeyote aliweza kupiga hesabu yake, na katika hesabu ile mutu anayelala usiku alikuwa amekwisha kushindwa.

Walipoambiwa, kazi ikabadilika

Mashini za kadi nazo zilihitaji watu. Jeshi lilileta vijana waliotoka shule ya sekondari, waliojua kidogo mambo ya ufundi. Wakawekwa kwenye kambi, wakapewa kadi na namba. Hawakuambiwa kitu. Walitumika, lakini polepole, kwa uvivu wa mutu asiyejua anaenda wapi.

Feynman akasema: lazima tuwaambie. Robert Oppenheimer, mukubwa wa Los Alamos, akaenda kuomba ruhusa kwa walinzi wa siri. Ruhusa ikapatikana. Feynman akawakusanya vijana na kuwaeleza: tunaunda kitu gani, namba hizi zinasema nini, kwa nini tuna haraka.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, mbele ya hapo walikuwa wamemaliza hesabu 3 kwa miezi 9. Kisha kuambiwa, walimaliza hesabu 9 kwa miezi 3. Mashini zilikuwa zile zile na vijana wale wale. Walianza kufanya kazi usiku bila kusukumwa, wakatafuta njia mpya, wakarekebisha makosa katikati ya kazi bila kurudia yote.

Mimi niliposoma habari hiyo nilifikiri wababu wa Shinkolobwe. Vijana wa kadi walipata mutu wa kwenda kuwaombea ruhusa ya kujua. Wa kwetu hawakumupata.

Tusidanganyane lakini: kujua kuna uzito wake. Tarehe 16 Julai 1945 bomu ya kwanza ilijaribiwa jangwani. Tarehe 6 Agosti Hiroshima ikaungua, tarehe 9 Nagasaki. Maelfu na maelfu ya watu walikufa, wamama na watoto ndani. Wale vijana walijua namba zao zimefanya nini, na walibaki na hiyo maisha yao yote. Hata hivyo nasema ni heri. Mutu anayejua anaweza kujivunia, anaweza kulia, anaweza hata kukataa. Asiyejua amefanywa kuwa kipande cha mashini.

Wanawake weusi wa Langley

Kompyuta ilipofika kweli, watu wa mabutoni waliendea wapi? Wengi walitolewa kimya kimya, na shule zao zikafungwa. Lakini kuna kundi moja ambalo habari yake ninapenda kuwasimulia wasichana wetu.

Mwaka wa 1941, Wamarekani weusi walikuwa wamefungiwa mulango wa viwanda vya vita. A. Philip Randolph, kiongozi wa sendika ya wafanyakazi weusi wa treni za kulala, alimuambia Rais Roosevelt: usipofungua, tutaingia Washington kwa miguu, maelfu ya watu. Mwezi wa Juni mwaka ule Roosevelt akatia sahihi amri ya kukataza ubaguzi katika kazi za vita. Sikieni vizuri: ilikuwa sendika.

Kwa mulango ule, toka mwaka wa 1943, wanawake weusi waliingia Langley, katika jimbo la Virginia, kwenye maabara ya ndege. Wengi walikuwa wamesoma sana. Dorothy Vaughan alikuwa mwalimu wa hesabu. Kazi yao ilikuwa kuhesabu na mashini za mabutoni. Waliwekwa katika chumba chao peke yao, na wakati wa kula walikuwa na meza yao yenye kibao kinachosema ni ya weusi. Mmoja wao alikuwa anakiondoa kila mara kile kibao, wanakirudisha, anakiondoa tena, mpaka siku moja hakikurudi.

Mwaka wa 1949 Dorothy Vaughan akawa musimamizi wa chumba. Kisha akaona kompyuta zinakuja. Angeweza kusema: hiyo ni shauri ya wakubwa. Yeye alijifunza lugha ya kuziamuru, inayoitwa FORTRAN, na akawafunza wanawake wenzake. Siku mashini mpya ilipohitaji watu wa kuiongoza, wao walikuwa tayari.

Na mwenzao Katherine Johnson? Mwaka wa 1962, John Glenn alipokuwa karibu kurushwa kuzunguka dunia, kompyuta ilikuwa imekwisha kutoa namba zote za njia yake. Glenn akaomba Katherine azihesabu tena kwa mashini ya mabutoni, namba kwa namba. Yeye akisema ni sawa, alisema, nitapanda. Katherine akahesabu. Zilikuwa sawa. Glenn akapanda. Mutu aliyeweka uhai wake juu ya kompyuta hakuona aibu kuomba ihakikishwe. Sisi tuone aibu juu ya dekonti?

Turudi kwa mama yule

Mimi na delege mwenzangu tulirudi biro ya mishahara na karatasi mbili: dekonti yao, na hesabu ya muzee imeandikwa kwa kalamu, mustari kwa mustari. Kijana wa pale alikuwa na heshima. Alifungua kompyuta yake, akatafuta, akanyamaza. Konji ya mwaka wa mwisho haikuwa imeingizwa. Kompyuta ilihesabu vizuri kabisa vile ilivyopewa. Aliyepaswa kuipa siku zile 18 ni mutu, na mutu yule pengine alikuwa amechoka, mwisho wa mwezi, sawa muzee wetu zamani.

Mama amelipwa tofauti. Haimurudishie bwana yake, lakini watoto wawili wamerudi masomoni.

Sasa katika mukutano ujao na direksio tutaweka mambo matatu mezani. La kwanza: kila dekonti na kila fishi ya mushahara iandikwe namna hesabu ilivyofanywa, siku ngapi, mara ngapi, ili mutoto wa sekondari aweze kuirudia nyumbani. La pili: wafanyakazi waelezwe vumbi la kila mugodi lina nini ndani. La tatu: mashini mpya ikija, wale wanaofanya kazi ile leo wawe wa kwanza kufunzwa, wanawake ndani yao.

Na wewe unayesoma, fanya kitu kimoja leo jioni. Chukua fishi yako ya mwezi huu, keti na muke wako ao bwana wako na mutoto anayejua hesabu. Hesabuni mara mbili, kila mutu peke yake, kisha mulinganishe. Yakipishana, mulango wa biro yetu uko wazi. Na muzee amesema manivela bado inazunguka.